Meli imefunga gati, jua la utosi, na mie nataka kulala tu

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na Shangazi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za kruzi, zile safari za matembezi kwa meli, naona watu wa huku Marekani mmeamka, kila chama cha akina mama kinapanda meli. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana iliniingia moyoni, wengine mnisamehe.

Swali: Shangazi shikamoo. Mie nipo Houston, nauguza wazee, nafanya shifti nne za usiku kwa wiki na wikiendi nachukua ovataimu. Tuna chama chetu tupo akina mama saba, tumechanga mwaka na nusu tukapata hela ya kruzi ya siku tano mwezi wa saba, tunapanda Galveston hapa Texas, tunashuka Cozumel na Progreso kule Mexico. Sasa kwenye grupu la WhatsApp wenzangu wameshapanga siku ya Cozumel yote, wapo wanaoenda kuendesha vile vigari vya matope, wapo wanaoenda kuona magofu upande wa bara, kila siku naulizwa wewe umelipia ipi. Shangazi mie sitaki kwenda popote. Nataka nikae kivulini nisikie upepo, nilale, nile, nilale tena. Nilivyosema hivyo mmoja akaandika eti umelipa hela zote hizo ukalale, si ungelala kwako. Nimeumia mpaka leo. Je ni ujinga kweli? Na kama sio ujinga, siku ya namna hiyo mtu anaipangaje?
Mchovu wa Shifti, Houston

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana na kazi.

Sio ujinga hata kidogo. Huyo aliyekwambia si ungelala kwako hajawahi kufanya shifti ya usiku, au amefanya akasahau. Kwako hulali. Mie nimeuguza wazee huku miaka 11, usingizi wa mchana nyumbani naujua ulivyo, ni wa kuiba, unajifunika shuka usoni maana jua linapenya kwenye pazia, mara mtoto anarudi shule, mara simu ya Bongo, kule ni usiku na mtu anataka hela ya hospitali asubuhi, mara mashine ya kufua imemaliza inalia. Ukiwa umefungwa kwenye gati la Cozumel hakuna anayekuhitaji kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Hicho ndicho ulichochangia mwaka na nusu. Hela yako imefanya kazi yake.

Na nakwambia hivi kwa sababu mie nilifanya kinyume. Kruzi yangu ya kwanza niliona aibu kukaa bure, nikalipia ziara ya magofu ya Tulum. Tulum yenyewe ni pazuri jamani, kuta za Wamaya, wenyeji wa kale wa kule, juu ya jabali, chini bahari ya kijani, sipaongelei vibaya. Lakini Cozumel ni kisiwa na Tulum iko bara, kwa hiyo unashuka kwenye meli unapanda boti mpaka Playa del Carmen, kama dakika 45 hivi, na siku ile mkondo wa katikati ulikuwa na mawimbi mafupi mafupi, watu walishika vile vimifuko vya karatasi mpaka vikaisha. Kisha basi karibu saa nzima. Kisha magofu yenyewe, hakuna mti, hakuna paa, mawe meupe yanarudisha joto usoni kama umesimama mbele ya tanuri la mkate, na muongozaji anasema tuna saa moja tu jamani twendeni. Halafu basi tena, boti tena. Narudi melini miguu imevimba, kichwa kinagonga, nikalala na nguo bila kula. Na nilichokumbuka siku ile ni mgongo wa yule mtu aliyenitangulia kwenye foleni. Tangu hapo nimerudi Cozumel mara tatu na sijawahi tena kutoka kisiwani.

Sasa siku yako. Kwanza elewa jua la kule. Cozumel iko kama nyuzi 20 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa saba jua linapita utosini kabisa, kuna siku adhuhuri unatafuta kivuli chako unakuta kiko chini ya nyayo. Na kwa saa za kule utosi huo unafika karibu saa saba mchana, sio saa sita. Ndio maana watu wanadanganyika, saa nne asubuhi wanaona mbona ni kawaida tu, wanaanza kutembea, saa saba inawakuta barabarani. Joto lenyewe ni nyuzi 32, 33, sio kubwa kwa mtu aliyezoea Dar au Mombasa, ila unyevu wake ndio ule ule wa kwetu mwezi wa pili, jasho halikauki. Kwa hiyo mambo ya kutembea yamalizike kabla ya saa tano. Baada ya hapo wewe ni mtu wa kivulini.

Amka mapema kidogo, najua unataka kulala lakini nisikilize, amka saa moja ukanywe chai yako nje upande ambao kisiwa kinaonekana, wakati meli inaingia. Ni kisiwa bapa, hakina mlima, unaona mstari wa kijani tu na maji yanabadilika rangi tatu nne, na ndege wakubwa weusi mkia umegawanyika kama mkasi wanaelea juu hawapigi bawa. Halafu milango ikifunguliwa usikimbilie, waache wenye ziara watoke, wale wanaitwa kwa namba na wanasukumana kwenye ngazi. Wewe shuka saa tatu na nusu.

Gati ziko tatu na ni vizuri ujue mtafunga lipi, waulize mapokezi usiku wa kuamkia. Moja, Punta Langosta, liko mjini kabisa San Miguel, unavuka barabara kwa daraja la watu upo madukani. Mbili nyingine ziko kusini, mwendo wa kilomita nne hivi mpaka mjini, na hapo usitembee kwa hilo jua, panda taksi. Taksi za kule hazina mita, bei inaenda kwa eneo na ubao wa bei upo hapo hapo stendi ya gatini, usome kwanza, umwambie dereva bei kabla hujakaa. Beba dola ndogo ndogo, za moja na za tano, maana ukitoa ishirini chenji unarudishiwa kwa peso.

Kwa mtu anayetaka unachokitaka wewe, nenda zile bichi za upande wa magharibi, kusini ya gati, sio upande wa mashariki. Mashariki ni bahari wazi, mawimbi yanapiga, mkondo unavuta, pazuri kupiga picha lakini si pa kuoga mtu aliyechoka. Magharibi maji yametulia kama karai. Kuna mahali unalipa kiingilio unapewa kila kitu, kuna mahali unaingia bure ila inabidi ule na kunywa kwa kiasi fulani, uliza mlangoni. Jambo moja tu la kukazania, uliza kivuli. Waambie unataka banda la makuti, sio mwavuli. Mwavuli wa kitambaa unazuia mwanga tu, joto linapita, na kila nusu saa unasogeza kiti. Makuti ni makuti tu, kule wanayasuka kwa majani ya mnazi na mitende ya porini, lakini ukikaa chini unasikia ile harufu kavu ya makuti yaliyopigwa jua na upepo unapita katikati, mie mtu wa Tanga, nilikaa chini ya banda la kule mara ya kwanza nikakuta machozi yananitoka na sikujua kwa nini.

Basi tandika kanga yako, moja chini moja ya kujifunika, usitumie taulo la meli, linashika mchanga na unyevu halafu ni zito. Agiza maji, agiza kitu cha ukwaju. Ndio, ukwaju, wao wanaita agua de tamarindo, na ile nyekundu ya jamaica ni rozela yetu ile ile. Dafu lipo, wanalikata mbele yako kwa panga, na ukimaliza maji ukimwonesha kwa mkono anakupasulia ule nyama, wengine wanakamulia ndimu na kuweka pilipili ya unga juu, jaribu. Kisha lala. Ukiamka ingia majini mpaka kiunoni, toka, lala tena. Kuna mijusi wakubwa wa kijivu wanaota jua kwenye mawe, wana miiba mgongoni, wamekaa hawatikisiki kabisa nusu saa nzima, hawadhuru mtu, mie nimeshalala na mmoja yupo hatua tano tu kutoka kwangu na nilipoamka alikuwa pale pale.

Ngozi nyeusi pia inaungua, usinidanganye. Rangi inatusaidia kiasi ila masaa manne ya jua la utosi na maji yanayorudisha mwanga utababuka mabega na pua. Lakini kule maeneo mengi ya bahari ni hifadhi, matumbawe ya Cozumel ni hifadhi ya taifa tangu 1996, na losheni nyingi za kawaida za kuzuia jua hawazitaki majini kwa sababu kemikali zake zinaua matumbawe. Vaa shati la mikono mirefu la kuogea na kofia, mambo yameisha.

Na ukiamka asubuhi ile ukaona hata kushuka hutaki, usishuke! Hili watu wengi hawalijui, siku meli ikiwa bandarini ndio siku tamu kuliko zote ndani ya meli. Watu elfu mbili tatu wametoka. Bwawa ni lako, bafe haina foleni, vile viti ambavyo siku ya baharini watu wanavikalia tangu saa kumi na mbili asubuhi kwa kuweka ndala na kitabu, viko vitupu. Maduka ya meli na kasino vinafungwa meli ikiwa gatini kwa hiyo hata zile kelele za mashine hakuna. Wanaofanya masaji mara nyingi wanaweka ofa siku hiyo. Funga pazia la kabini, weka kiyoyozi, mwambie kijana anayetandika asikugongee mpaka saa nane, ulale usingizi wa mtu mzima. Usisahau tu kumwachia chochote yule kijana, yeye naye yupo mbali na mama yake na mkataba wake ni wa miezi.

Kuhusu wenzako, usibishane kwenye grupu. Andika mara moja, "Mimi siku ya Cozumel napumzika, tutaonana chakula cha jioni, mtanipa stori." Basi. Wasikushawishi mlipe ziara ya kikundi ili mpunguziwe bei, hapo ndipo wengi wanaponasa, dola kumi na tano umepunguziwa na siku yako imeondoka. Na yule aliyekuumiza usimnunie, huenda naye amechoka ila anaogopa kusema. Progreso mnaweza kwenda wote pamoja, gati la kule limeingia baharini kilomita 6 na nusu hivi, mabasi ndio yanawapeleka mpaka mjini, mtacheka njia nzima.

Swali: Shangazi habari za kazi. Nataka kumchukua mama yangu mzazi kwenye kruzi ya Cozumel, ana miaka 71, ametoka Moshi mwaka juzi yuko na sisi hapa Dallas kwa grini kadi. Ana presha anatumia dawa, kutembea anatembea ila pole pole, na bahari anaiogopa hataki hata kuloweka miguu. Mume wangu anasema mama abaki melini siku ya bandari, mama anasema hawezi kubaki peke yake kwenye meli ya wazungu. Nifanyeje wote tufurahi?
Binti Mchaga, Dallas

Jibu: Nzuri mwanangu. Mama asibaki. Amevuka bahari kuja kukaa kwenye apatimenti ya Dallas mwaka mzima anaangalia dirisha, leo nchi nyingine iko hatua mia tatu mbele yake aambiwe abaki? Ashuke naye aone Mexico.

Ila mtoke mapema, saa mbili na nusu mko nje, na saa tano mmerudi kwenye ubaridi. Kabla ya hapo muulize daktari wake au mfamasia dawa yake ya presha ni ya aina gani, maana kuna zile za kukojoza, zinatoa maji mwilini, na joto nalo linatoa, mzee anaweza kusimama ghafla akaona giza. Wazee kiu hawaisikii mpaka wamekauka, kwa hiyo usimuulize mama una kiu, mpe tu maji kila baada ya muda mdogo. Na kama figo zake zina shida yoyote dafu msimpe bila kuuliza, lina potasiamu nyingi. Akianza kuchanganya maneno, au ngozi imekuwa ya moto na hatoi jasho tena, huo sio uchovu, ni joto limempanda, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji shingoni na kwapani mpepee na muite msaada hapo hapo.

Gati la Cozumel ni refu na ni zege tupu, mtu wa miaka 71 asilitembee lote kwa mguu akianza siku. Ombeni kiti cha magurudumu mapokezi siku moja kabla, na mama akikataa kwa heshima yake, na atakataa, mwambieni ni cha kuwekea mikoba, akichoka atakaa mwenyewe. Mie wangu alikuwa hivyo hivyo.

Halafu taksi mpaka uwanja wa mjini pale San Miguel, Parque Benito Juárez, una mnara wa saa, miti, na mabenchi yenye kivuli, na bahari mama ataiona kwa mbali ng'ambo ya barabara bila kuiogopa. Akikaa pale atawaona wazee wenzake wa kule wamekaa vile vile, wanapunga upepo na kofia. Mpelekeni soko la mjini, lile la wenyeji sio la vinyago, liko mitaa michache kutoka hapo. Hapo ndipo mama atakaposhangaa. Papai, ndizi, maharage aina zote, mahindi, pilipili, mihogo, machungwa ya kijani. Kuna akina mama wanauza embe imekatwa vipande kwenye kikombe, wanakamulia ndimu wanaweka chumvi na pilipili, embe na pilipili ile ile tuliyokuwa tunanunua nje ya geti la shule! Mama yangu alishika kile kikombe akamwangalia yule muuzaji akamwambia kwa Kiswahili, "Na nyie mnakula hivi?" Yule mama akajibu kwa Kihispania, wakacheka wote wawili, sijui walielewana nini lakini walishikana mikono.

Maji ya bomba tu msinywe, chukua ya chupa.

Kama mama anapenda mambo ya kale mwambieni hadithi ya kisiwa mkiwa mmekaa, hamna haja ya kwenda juani kwenye magofu. Zamani kabla ya Wahispania kufika, wanawake wa Kimaya walikuwa wanavuka kutoka bara kwa mitumbwi kuja Cozumel kuhiji kwa Ixchel, mungu wao wa kike wa uzazi. Mahali penyewe panaitwa San Gervasio, pako katikati ya kisiwa, msituni, upepo wa bahari haufiki, ni moto. Wanawake wajawazito na wanaotafuta watoto wakivuka ule mkondo kwa makasia. Mie kila nikikumbuka ile boti ya Playa nawaza wale akina mama.

Swali: Asalaam aleikum Shangazi. Sisi ni familia ya Kiislamu tuko Columbus, Ohio, tutaenda kruzi inshallah na siku ya Cozumel tunataka kula nje ya meli. Je kuna halali? Na mke wangu akioga baharini amevaa nguo ndefu atasumbuliwa?
Baba Salma, Columbus

Jibu: Waaleikum salaam. Nyama ya halali msiitegemee, nendeni na samaki. Samaki wapo tele wabichi, wa kuchoma na wa kukaanga mzima, na ile seviche ya ndimu ni tamu ila ni samaki hajapita motoni, kama watoto ni wadogo muwape wa kuchoma. Mjihadhari na mawili. Chakula kinachosifiwa zaidi eneo lile, cochinita pibil, ni nguruwe, na rangi yake nyekundu ya kiungo inavutia mpaka mtu anasahau kuuliza. La pili ndio linawapata wengi, maharage ya kupondwa, mtu anasema haya ni maharage tu, kumbe mara nyingi yanapikwa na mafuta ya nguruwe, wanaita manteca. Jifunzeni maneno mawili, "sin puerco", bila nguruwe, na "sin manteca". Semeni na kwa chapati zao za ngano pia. Zile za mahindi kwa kawaida ni mahindi na maji ya chokaa tu.

Mkeo aoge na nguo yake ndefu ya kuogea kwa raha zake. Kule wapiga mbizi wenyewe wamefunikwa kuanzia shingo mpaka vifundo, na wenyeji wengi wanaingia majini na tisheti, hakuna atakayemgeukia. Asiingie tu na baibui la kitambaa cha kawaida maana likilowa ni zito linavuta miguu.

Swali: Shangazi mambo, sisi tunaenda mwezi wa kumi na mbili tunapanda Galveston. Rafiki yangu mwaka jana nusura aachwe Cozumel sababu ya saa, anasema simu ilimchanganya. Mbona iko hivyo, na ukiachwa inakuwaje?
Kijana wa Austin

Jibu: Poa mwanangu, umeuliza la maana.

Jimbo la Quintana Roo ambako Cozumel ipo lilibadilisha saa zake mwaka 2015, likahamia saa za mashariki na halisogezi mbele wala nyuma mwaka mzima. Texas kila mwaka mnasogeza saa mbele kiangazi na kuirudisha wakati wa baridi. Kwa hiyo kiangazi Galveston na Cozumel zina saa ile ile, hakuna tofauti, yule dada wa Houston juu hapo kwa Cozumel hana shida. Lakini nyie mwezi wa kumi na mbili Cozumel itakuwa mbele yenu kwa saa moja. Sasa kuna meli zinabaki na saa za Galveston safari nzima, na kuna zinazobadilisha kufuata bandari. Simu nayo ikinasa mnara wa Mexico inajibadilisha yenyewe bila kukuuliza, isiponasa inabaki ya zamani. Hatari ni pale meli imefuata saa za kisiwa na mkononi mwako una saa ya Texas, unajiona bado una saa nzima kumbe ndio wanatoa ngazi.

Dawa yake ni saa ya mkononi, ile ya mishale au yoyote isiyojibadilisha. Asubuhi kabla hujashuka iweke sawa na saa ya meli, iko kwenye skrini ya kabini na kwenye ubao karibu na mlango wa kutokea, na simu iache mfukoni, kwa saa usiiamini. Na kama mna mzee aliyekuja karibuni kutoka nyumbani msimwambie "four", mwambieni saa kumi. Nimeshuhudia baba mmoja aliyeambiwa kwa Kiingereza akaelewa saa nne, familia ikahangaika naye gati zima, akaona saa nne asubuhi imeshapita, ameshaachwa, akakaa chini.

Muda wanaotangaza sio wa meli kuondoka, ni wa abiria wote kuwa ndani, kwa kawaida nusu saa kabla. Wewe fika saa nzima kabla ya huo. Foleni ya kurudi ina ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, na taksi saa hiyo zinagombaniwa. Ukiwa kwenye ziara iliyouzwa na meli yenyewe mkichelewa meli kwa kawaida inawasubiri au inawatafutia njia. Ukiwa kivyako haisubiri, utaona wenzako wako juu wanakupungia na kamba zinafunguliwa.

Ukiachwa, nauli ya kwenda bandari inayofuata au kurudi nyumbani ni juu yako. Na hapa ndipo pasipoti inapohusu. Raia wa Marekani kwa kruzi inayoanzia na kuishia bandari hiyo hiyo ya Marekani wanaruhusiwa kupanda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, wengi wanafanya hivyo kuokoa hela ya pasipoti, lakini ndege ya kurudi Marekani haitakubali cheti cha kuzaliwa. Mwenye grini kadi abebe kadi yenyewe, sio kopi, na pasipoti ya kwao iliyo hai. Mwenye kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado haijaisha, au karatasi nyingine yoyote ya kusubiri, asipande meli hiyo kabisa mpaka mwanasheria wake amwambie kwa maandishi, kushuka Mexico ni kutoka Marekani, hata kama begi lako limebaki kabini.

Pasipoti ukishuka nayo iweke kwenye kimfuko kisichoingia maji, ukiiacha iache kwenye sefu ya kabini. Meli ikiona hujarudi, wafanyakazi mara nyingi hufungua sefu wakamwachia pasipoti wakala wa meli pale gatini, ndio mtu wa kwanza wa kumtafuta. Jina na simu ya wakala huyo vimeandikwa kwenye lile karatasi la ratiba la siku au kwenye programu ya meli, vipige picha asubuhi kabla hujashuka, na namba iandike kwenye kikaratasi pia, simu zinakufa chaji kwenye joto lile.